Kambwa kanang'ata? Usikapige

Shikamooni wazee, vijana mambo vipi. Kaeni tu hapo juani, baridi ya Uyole hapa Mbeya mwezi huu mnaijua wenyewe. Sweta yangu imetoboka mkononi mnaona, sio shida za maisha jamani, ni huyu kambwa Bosko hapa kwenye boksi, ana wiki kumi na moja.

Meno yake ni 28 ya utoto, membamba kama sindano, ila taya bado haina nguvu. Huu ndo muda wa kumfundisha kupima nguvu ya kung'ata, maana miezi minne hivi yanaanza kung'oka, akifika miezi saba ana 42 ya kikubwa, hapo akikosea hesabu ni hospitali.

Walimu wa kwanza ni ndugu zake. Wakicheza, mmoja akibanwa sana analia kweee, mchezo unaisha, aliyeng'ata anabaki anashangaa peke yake. Sasa sisi huku tunamchukua ana wiki nne, eti akikaa na mama atalegea! Mwacheni afikishe nane.

Akija kwako, wewe ndo ndugu. Aking'ata kwa nguvu sema "aii!", mkono uache ulegee, usiuvute, ukiuvuta anaona ni mchezo wa kukimbizana, ndo sweta ilivyokwisha hii. Nyamaza, mgeuzie mgongo, hesabu mpaka ishirini, rudi mcheze. Akidonoadonoa taratibu mvumilie kwanza, tunaanza kupunguza nguvu, meno kabisa tutakataza baadaye. Kuna wengine wakisikia aii ndo wanapanda mori, huyo usimpigie kelele, ondoka tu, na mara nyingi ana usingizi, hawa wanalala hata masaa 18 kwa siku na watoto wetu hawawaachi.

Mzee pale anauliza, si atakuwa mpole, wezi wamalize parachichi? Hapana mzee, atabweka tu na atalinda, ila mjukuu akimkanyaga mkia gizani anajua kuminya bila kutoboa. Wa kuogopa ni yule anayezabwa makofi ya mdomo, huyo anajifunza kuogopa mkono, siku moja anang'ata bila hata kunguruma.

Chanjo ya kichaa akifikisha miezi mitatu, msikwepe. Na mbwa yeyote akikutoboa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, mambo ya kusubiri tuone sitaki kusikia.

Ndaga fijo, asanteni sana. Haya, mama mwenye kitenge njoo umshike Bosko tujaribu, ila hiyo sweta vua kwanza.