Mcheza gemu ni mwanamichezo? Niliyoyasema Nyegezi, Mwanza, Jumamosi

Mwangaluka jamani. Asanteni kuitikia, na asanteni kuja asubuhi yote hii maana najua wengine mmetoka mbali, kuna wa Igoma, kuna wa Buhongwa, na hawa vijana pale mbele wamevuka na kivuko cha Kamanga kuja kusikiliza habari ya gemu tu, mmenipa moyo sana.

Mada niliyopewa ni kama mtu anayecheza gemu kwa ushindani, au chesi, au bao, au karata, tunaweza kumwita mwanamichezo wa kulipwa. Nianze na mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Alinifuata akaniambia, mwalimu, kijana wangu ana miaka 19, kamaliza fomu foo, asubuhi hadi usiku yuko kwenye kibanda cha gemu anacheza ule mpira wa kwenye tivii, nikimgombeza ananiambia mama mimi ni mwanamichezo, hebu niambie wewe, huyu ni mwanamichezo au ni mvivu aliyejipatia jina zuri? Sikumjibu siku ile. Nilimwambia nipe muda, na haya ninayosema leo ndiyo jibu langu kwake, naona amekuja, karibu sana mama.

Sasa tuanze na lugha yetu kwanza kabla hatujaenda mbali. Sisi neno mchezo tunalitumia kwa vitu vingi mno. Mpira ni mchezo, bao ni mchezo, maigizo ni mchezo, kina mama wakichangishana pesa kila wiki wanapeana kwa zamu nao wanasema wako kwenye mchezo, na pesa ya mchezo ukichelewesha utaona moto wake. Kwa hiyo Kiswahili hakijawahi kudai jasho ndipo kitu kiitwe mchezo. Mwenye jasho tuna jina lake, mwanariadha, yule anayekimbia kama Alphonce Simbu aliyechukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 kwa kumpita Mjerumani palepale kwenye utepe. Lakini mwanamichezo ni neno pana zaidi, na ubishi mwingi ninaousikia vijiweni unatokana na watu kuchanganya mwanamichezo na mwanariadha halafu wanagombana mpaka jua linazama.

Na kuna neno la pili ambalo watu wanalipita haraka, hilo la "wa kulipwa". Sisi tunajua ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa, tunajua kabisa ni vitu viwili, yule wa ridhaa anaweza kuwa bondia mzuri kuliko wa kulipwa lakini maisha yake hayajasimama juu ya ngumi. Kwa hiyo hapa kuna maswali mawili na kila moja lina jibu lake. Mimi swali la kwanza naliona jepesi. La pili ndilo linaninyima usingizi.

Tumalize hilo jepesi. Watu wanasema huyu amekaa kwenye kiti, michezo gani ya kukaa kwenye kiti? Haya, kulenga shabaha kwa bunduki kumo kwenye Olimpiki tangu ile ya kwanza ya 1896 pale Athens, na mlengaji akitikisika ndio amekosa, kazi yake nzima ni kutulia. Tena kati ya 1912 na 1948 Olimpiki walikuwa wanatoa medali za ushairi, uchoraji na muziki, ndiyo, ushairi, kwa hiyo tusiambiane kwamba mpaka huu ulichorwa siku moja na haujawahi kusogea.

Na kukaa kwenyewe kunaumiza. Mwaka 1984 Moscow, Anatoly Karpov na Garry Kasparov walianza kugombea ubingwa wa dunia wa sataranji, sisi wengi tunaita chesi, sheria ilikuwa wa kwanza kushinda michezo sita ndio bingwa, sare hazihesabiwi. Walicheza kuanzia Septemba mpaka Februari 1985, michezo 48, hakuna aliyefikisha sita, shirikisho likasimamisha, na ikaelezwa Karpov alikuwa amepungua kilo kama 10 hivi. Kilo kumi! Mtu yuko kwenye kiti. Upande wa gemu kuna Mchina anaitwa Jian Zihao, jina lake la uwanjani ni Uzi, alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye League of Legends, gemu ya kompyuta ya timu kwa timu, Juni 2020 akatangaza kustaafu akiwa na miaka 23, mkono ulioumia, na kisukari aina ya pili alichosema kimetokana na maisha ya kukesha, msongo na kula ovyo kwa miaka. Miaka 23 jamani, umri ambao winga wa timu yetu ya Pamba ndio kwanza anapanda. Na dawa za kuongeza nguvu zimo pia, mwaka 2015 mchezaji mmoja wa Counter-Strike, gemu ya kupigana risasi, alikiri hadharani kwamba timu yake ilitumia vidonge vya kuongeza umakini, baada ya hapo mwandaaji mkubwa wa mashindano, ESL, akaanza kupima wachezaji kama wanavyopimwa wakimbiaji.

Afu njoo hapa kwetu. Umewahi kukaa na wazee wa bao, namaanisha kukaa kweli sio kupita? Kete 64, kila mmoja 32, unaanza na 22 mkononi unanamua, yaani unaziingiza ubaoni moja moja, ukimaliza za mkononi mnaingia mtaji, mnacheza na zilizo ubaoni tu, na muda wote huo unalinda nyumba yako, lile shimo lako kuu, huku unahesabu shimo ambalo mwenzako atafika baada ya mizunguko mitatu, na hakuna karatasi wala kalamu. Mwalimu Nyerere alilipenda bao hilo. Na wazee wa Kisukuma wana isolo, bao lao. Mzee mmoja aliyenifundisha, nilikuwa mdogo, alikuwa haongei akicheza, na akimaliza alikuwa analala kabisa mchana ule, nilidhani ni uzee, kumbe alikuwa amechoka. Huyo kwangu ni mwanamichezo, simwombi mtu ruhusa kumwita hivyo.

Sasa wakubwa wa dunia wanasemaje? Hawaelewani. Kamati ya Olimpiki ililitambua shirikisho la chesi la dunia mwaka 1999, lakini chesi yenyewe haijaingia Olimpiki. Mwaka 2013 Marekani walimpa Mkanada mmoja, Danny Le, viza ile ile wanayowapa wanamichezo wa kimataifa, aende akacheze League of Legends. Halafu mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ikaambiwa iamue kuhusu karata za briji, chama cha briji cha Uingereza kilikuwa kinataka ada za mashindano zisikatwe VAT kwa kuwa ni michezo, mahakama ikasema hapana, kwenye hiyo sheria ya kodi michezo lazima iwe na nguvu ya mwili na briji nguvu yake ya mwili ni ndogo mno. Ukiangalia vizuri utaona kila ofisi inatafuta maana ya kufaa kazi yake, wa kodi ana yake, wa viza ana yake. Korea Kusini ndio wamekwenda mbali zaidi, kijana wao Lee Sang-hyeok anayeitwa Faker alikuwa kwenye timu iliyochukua dhahabu ya michezo ya Asia kule Hangzhou 2023, na kule dhahabu hiyo inakusamehe utumishi wa jeshi wa miezi kama 18 ambao kila kijana wa kiume anaupitia. Serikali isiyotania kabisa na mambo ya jeshi ikasema huyu mcheza gemu tunamhesabu sawa na muogeleaji.

Kwa hiyo mama yangu wa Mwaloni, kwamba mcheza gemu anaweza kuwa mwanamichezo, mimi nasema ndiyo na nasema kwa moyo mweupe.

Sasa hilo la kulipwa. Hapa naomba vijana mnisikilize kuliko pote.

Mnaona hela, najua. Mnajua kwamba mwaka 2021 pale Bucharest mashindano ya gemu ya kompyuta ya Dota 2 yalikuwa na zawadi ya zaidi ya dola milioni 40, na timu moja ya vijana watano ikaondoka na zaidi ya milioni 18. Ni kweli kabisa. Lakini niulize kitu, mpira ni wa nani? FIFA wana mashindano, wana sheria, lakini mpira wenyewe hawana, wewe leo ukifunga makaratasi na nailoni ukacheza pale Mabatini hakuna atakayekuja kukuzuia. Bao sio la mtu. Chesi sio ya mtu. Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma, wanashindana huku Usukumani tangu mababu, anayevuta watu wengi ndio mshindi, na hakuna kampuni inayoweza kuamka asubuhi ikasema kuanzia leo hakuna ngoma.

Gemu ina mwenyewe. Desemba 2018 kampuni ya Blizzard ilitoa tangazo kwamba ligi ya gemu yao ya Heroes of the Storm haitarudi mwaka unaofuata, basi, watu walioacha shule, walioacha kazi, waliohama nchi kwa ajili ya ligi ile wakajua siku hiyo hiyo pamoja na mashabiki. Na sio za kompyuta tu, hata za mezani. Ile karata ya Magic: The Gathering, mwezi huo huo wenye nayo wakatangaza ligi ya wachezaji 32 kwa mkataba wa dola 75,000 kila mmoja, watu wakasherehekea kwamba sasa karata ni ajira, haikupita hata miaka mitatu, 2021 wakatangaza wanaifunga. Mwanamichezo gani duniani anaamka anakuta mchezo wenyewe umefungwa na mwenye nao? Simbu hata akikosa mdhamini barabara ipo, atakimbia. Hili ndilo linalonifanya nisite kumwambia kijana acha kila kitu, na sio hilo la jasho.

Na hapa Mwanza tuna ya kwetu juu yake. Umeme ukikatika dakika ya 80 umepoteza mechi. Seva, zile kompyuta kuu zinazoendesha gemu, ziko mbali, unabonyeza pasi inafika mwenzako ameshafunga. Kuna mashindano niliwahi kupeleka vijana wanne, nauli tulichanga wenyewe, wakashinda nafasi ya pili, mwandaaji akasema zawadi itatumwa kwa simu na mpaka leo haijatumwa, hatukuwa na karatasi hata moja ya kudai. Iliniuma na inaniuma bado, kwa sababu mmoja wao aliacha kabisa. Na kile kibanda ambacho mnaweka elfu mbili mbili mshindi anazoa zote, naomba tuelewane, hiyo ni kamari hata kama unashinda kila siku. Wa kulipwa ana mkataba unaosomeka, ana mtu wa kumdai, ana siku ya kupumzika, akiumia kiganja kuna anayemtibu. Kwa kipimo hicho hapa kwetu ni wachache sana, na sio wa gemu tu, hata kwenye ngumi na mpira tunajua hali.

Namalizia na kijana wa mama huyu maana nilimtafuta. Nilimkuta kibandani Kirumba, nikamwambia nionyeshe mazoezi yako. Nilitegemea ataniwashia gemu. Akatoa daftari, kaunta buku ile kubwa, kaandika kila mechi aliyofungwa tangu mwezi wa tatu, dakika gani, alikosea nini, beki gani alimvuta nje, na pembeni kwa wino mwekundu saa alizolala. Nikamuuliza nani kakufundisha hivi, akasema mama anaandika hesabu ya dagaa hivyo hivyo, kila jioni.

Mama, daftari hilo alikuonyesha? Hajakuonyesha. Basi yuko pale nyuma kashika kofia, amelibeba. Tupumzike dakika kumi, maswali tutayachukua tukirudi, nimeona mkono wa mzee pale dirishani, tutaanza na wewe.