Skuli iloanza na watoto watano: Kiungani, Mbweni na dayosisi yetu

Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zetu Waislamu mlokuja kutusikiliza, asalaam alaykum, ahsanteni sana.

Leo sitaki kuanza na kanisa. Kila anayekuja hapa Mkunazini, mjini Unguja, anaanzia kanisani, anaonyeshwa madhabahu, anashushwa kwenye vile vyumba vya chini, anapiga picha, anaondoka. Mimi nataka nianze na skuli, maana kwa fikra zangu dayosisi hii yetu ya Kianglikana ya Zanzibar ndo ilozaliwa na skuli, sio skuli ilozaliwa na dayosisi.

Askofu wa kwanza wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana ilotoka vyuo vikuu vya Uingereza, Mackenzie, alikwenda bara kule mto Shire, Malawi ya leo, mwaka 1861, akafa kwa homa 1862 hajamaliza hata mwaka. Aliyemfuata, Tozer, akaona kule hapakaliki, akahamia Unguja 1864 pamoja na Edward Steere, padri mwenzake ambaye baadae naye akawa askofu. Hawana kanisa, hawana waumini, wana nyumba tu Shangani. Sasa Sultan Majid akawapa watoto wa kiume watano walokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Watano tu jamani! Watoto hawajui wazee wao wako wapi, Kiswahili chenyewe hawakijui, na hawa Wazungu nao wanajifunza, basi wakawa wanafundishana. Hiyo ndo skuli yetu, na siku ile dayosisi ilikuwa ni wale watoto.

Baadae wakahamia Kiungani, nje ya mji ukielekea kusini, ikaitwa St Andrew's. Wasichana wakawekwa Mbweni, kwenye shamba ambalo pia walikaa watumwa walokombolewa, kila familia na kijisehemu chake cha kulima. Skuli ya Mbweni aliiongoza Caroline Thackeray, alikuja 1877 akafundisha miaka 25, halafu hakurudi kwao, alikaa hapahapa mpaka alipofariki 1926 na kaburi lake liko Mbweni. Vijana wengi wa Kiungani walioa Mbweni, ndo maana marehemu bibi yangu akiulizwa kabila anajibu, "Mie mtu wa misheni", na akitamka hivyo anakaa sawa kitini.

Nataka mnisikilize vizuri hapa. Mmoja wa wale watano, John Swedi, mwaka 1879 akawa shemasi. Cecil Majaliwa, naye alikuwa mtoto wa utumwa, asili yake Myao, alisoma Kiungani akapelekwa mpaka Canterbury kule Uingereza, 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni hii, na alikaa Chitangali kule Kusini zaidi ya miaka 10 akijenga kanisa na watu wake. Masasi yenyewe ilianzaje? 1876 Steere aliondoka na watu walokombolewa kutoka Mbweni, nia wafike Ziwa Nyasa, wakasimama Masasi wakaweka kijiji. Leo Masasi ni dayosisi kamili tangu 1926. Mama yake ni nani? Ni Mbweni.

Na lugha hii tunayozungumza, wallahi tuitazame kwa heshima. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa na wanafunzi ndo walokuwa wakipanga herufi moja moja kwa mikono yao. Kitabu cha Steere cha kujifunzia Kiswahili kilitoka 1870. Mwaka 1888 Kiungani wakatoa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, na walimu walotoka pale wakiwa huko bara wanaandika habari za vituo vyao wanaleta, wenyewe, kwa Kiswahili. Kiunguja kilipochaguliwa 1928 kule Mombasa kiwe Kiswahili sanifu, kazi ya vijana wale ilikuwa imo ndani.

Mengine nipite haraka. Jiwe la msingi la kanisa hili liliwekwa Krismasi ya 1873, soko la watumwa lilokuwa hapahapa limefungwa Juni ya mwaka uleule, na Steere alofariki 1882 kazikwa nyuma ya madhabahu. Dayosisi ya Zanzibar ikatengwa na ya Nyasa 1892. Kiungani ikahamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe, miaka ya 1920. 1964 Serikali ya Mapinduzi ikatangaza elimu bila malipo na skuli zikawa za Serikali. Tukawa Zanzibar na Tanga 1965, na 2001 tukabaki wenyewe.

Kinachoniuma ni Mbweni. Magofu ya skuli yapo, mizizi inapasua kuta, na majina ya wale wasichana hatuyasomi popote hadharani, wakati wao ndo walolea makasisi na walimu wa nusu ya nchi. Kwa hiyo nawaomba, aliyenacho nyumbani cheti cha ubatizo cha bibi, picha, barua, hata kikaratasi kimeliwa na mchwa, msikitupe, kileteni hapa Jumapili baada ya misa tukipige picha tuandike jina. Mimi nitakuwepo mlangoni na daftari.

Haya, bi mkubwa pale nyuma, nimeuona mkono wako, karibu.