Mshahara wa mwalimu ulipohamia mfukoni mwa mzazi

Mama zangu, baba zangu, walimu, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma, asanteni kwa kuja. Ukitaka kuelewa shule za Lubumbashi, hapa kwetu Kongo, lazima uanzie kwenye kampuni ya shaba.

Wakati wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba yetu, mtoto wa mfanyakazi alitibiwa hospitali ya kampuni, akala unga wa posho ya kampuni, akasoma shule ya kampuni. Mtoto ambaye baba yake aliuza makala ya kupikia nje ya kambi ya wafanyakazi hakuwa na nafasi ile. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba zamani watoto wote walikuwa sawa. Kampuni ilipokuwa Gécamines, mali ya serikali, desturi iliendelea, ndiyo maana anguko lake lilituumiza namna hii. Mwaka 1986 ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwaka 1993 haikufikisha hata 50,000. Mishahara ikakatika miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka na malipo ya mara moja, na ziko nyumba ambazo hazijasimama tena mpaka leo.

Huku kwa upande wa serikali, mshahara wa mwalimu ulikuwa umeshakuwa jina tu. Baada ya migomo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi waliombwa watoe primu, yaani pesa ya kumlipa mwalimu, ili shule zifunguliwe. Ilikuwa dawa ya muda. Ikakaa karibu miaka 30. Mnaijua Jumatatu ile: mtu anaingia na orodha, anasoma majina, na ambaye minervali yake, yaani ada ya shule, haijalipwa anafunga daftari, anabeba mfuko, anatoka huku wenzake wanamtazama. Wengine hawaendi nyumbani. Wanakaa chini ya mwembe mpaka masomo yaishe, ndipo wanajichanganya na wenzao njiani, mama asijue. Na mama mwenye watoto watano na pesa ya watatu, afanye nini? Anachagua. Mara nyingi anayebaki ni msichana, anapewa beseni la karanga aende sokoni. Mimi simlaumu mama huyo hata kidogo. Nawalaumu waliomwachia uamuzi kama ule.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure. Tumengoja mpaka Septemba 2019 ndipo ianze kutekelezwa. Watoto wakamiminika. Ingia leo darasa la kwanza: unaweza kukuta watoto zaidi ya mia moja, wengine wamekaa juu ya matofali, na mwalimu mmoja ambaye jina lake bado halijaingia kwenye orodha ya malipo. Zamani aliishi kwa primu. Primu imeondolewa, mshahara haujafika. Elimu bure naiunga mkono kwa moyo wote, lakini mzigo tuliomtua mzazi tumemtwika mwalimu. Mwenye uwezo amehamishia mtoto wake shule ya binafsi. Na huko sekondari, minervali ingali pale pale.

Matokeo yake tunaishi nayo. Mtoto wa Golf, mtaa wa wenye pesa, na mtoto wa Katuba, mtaa wa watu wa kawaida, hawajawahi kukaa benchi moja, na kesho mmoja atakuwa bosi wa mwingine bila kujua anavyoishi. Kule Kolwezi, mji wa migodi, watoto wanaosha mawe ya madini saa za masomo. Kijijini mkulima analetewa karatasi ya Kifaransa kuhusu shamba lake, anaweka kidole gumba bila kujua anachokikubali.

Sasa nawaomba jambo moja. Kila shule ina kamati ya wazazi. Nendeni kwa direkta, mkuu wa shule, wiki hii, ulizeni ni walimu wangapi hawalipwi na serikali, tangu mwaka gani. Andikeni majina yao, kamati itie sahihi, barua ipelekwe kwa mkuu wa elimu wa mkoa, nakala kwa wabunge wetu. Walimu mlioko hapa, anzeni kutupatia majina hayo jioni hii, kabla hatujatoka ukumbini.