Gwanda Limevuliwa, Ufundi Una Karatasi?

ZAINA: Hamjambo huko mliko. Tunarekodi Ngamiani hapa Tanga, barabara ya 12, na jirani yetu ana grainda, kwa hiyo mkisikia kitu kinalia mjue si simu zenu zilizoharibika. Leo ni zamu ya askari anayerudi uraiani akiwa na ufundi mikononi. Kaka Mhina, anza na kosa linalowagharimu wengi.

MHINA: Kosa ni kuanza upya, Dada Zaina. Mtu amechomelea vyuma miaka kumi na miwili kwenye karakana ya jeshi, anatoka, anajiandikisha kozi ya mwanzo kabisa. Anakaa na vijana waliomaliza shule juzi, anafundishwa namna ya kushika koleo. Muda unakwenda, ada inakwenda, na kiinua mgongo kinaliwa kabla hajapata hata kazi moja.

ZAINA: Na mlango mwingine upo.

MHINA: Upo. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, kwa ajili ya watu waliojifunza kazi nje ya chuo. Unaomba, unahojiwa juu ya kazi unazozijua, unapewa kazi ya vitendo mbele ya watathmini. Wanaona unachoweza na usichoweza. Kile usichoweza ndicho unachofundishwa, si kozi nzima. Kisha unapimwa, ukifaulu unapata cheti.

ZAINA: Pengo la askari kwa kawaida halipo mkononi. Mkono uko sawa. Pengo liko kwenye kusoma mchoro, hesabu za vipimo, na kueleza kwa mdomo kwa nini anafanya anavyofanya. Mtathmini akimuuliza kwa nini umepunguza ampea hapo, anajibu ndivyo tulivyoelekezwa. Jeshini jibu hilo lina heshima yake. Kwenye mtihani halina alama.

MHINA: Lakini tuwatenganishe watu. Kijana aliyejitolea JKT, tuseme Maramba au Mgambo hapa hapa mkoani kwetu, akarudi nyumbani baada ya miaka miwili, huyo ujuzi wake bado mchanga. Akikimbilia kurasimisha atakuta hakuna kikubwa cha kupima. Yeye namshauri uanagenzi: sehemu chuoni, sehemu karakana halisi chini ya fundi. Kurasimisha ni kwa aliyefanya kazi ile ile miaka na miaka.

ZAINA: Sasa ushahidi. Fundi wa mtaani anapeleka picha za mageti aliyotengeneza. Askari atapeleka picha gani? Kambini hupigi picha.

MHINA: Ndiyo maana barua iombwe kabla hujatoka. Na isiwe ile ya "alihudumu kwa uaminifu na nidhamu". Nidhamu ni nzuri, lakini haisemi kama unajua kuchomelea bomba. Barua iseme kazi kwa lugha ya raia: alichomelea chuma cha unene wa milimita 6 hadi 12 kwa arki ya umeme, mkao wa chini na wa wima, kwa muda fulani. Hapo hujataja gari gani wala kikosi kipi kina nini. Hakuna siri iliyovuja.

ZAINA: Wenzetu wa Marekani hilo walishaliwekea utaratibu. Wanamaji wao wana mpango unaoitwa USMAP. Askari anaandika saa za kazi ya ufundi akiwa bado kazini, msimamizi anatia sahihi, saa zikitimia anapata cheti cha uanagenzi kinachotambuliwa na Wizara ya Kazi, yaani cheti cha kiraia. Halafu kuna SkillBridge: ndani ya siku 180 za mwisho za utumishi, mkuu wake akiridhia, anaweza kwenda kujifunza kazi kwenye kampuni ya nje ya jeshi huku mshahara wa jeshi unaendelea.

MHINA: Uingereza nao, aliyetumikia miaka sita au zaidi anaanza kuhudumiwa miaka miwili kabla ya kutoka. Miaka miwili kabla! Sisi wengi tunaanza kuulizia chuo wiki ile tunayokabidhi gwanda.

ZAINA: Daftari lakini halihitaji mpango wa taifa. Daftari la kawaida la dukani, ulichore safu: tarehe, kazi, unene wa chuma, aina ya kijiti cha kuchomelea, mkao, saa, sahihi ya msimamizi. Mpaka unatoka una kurasa themanini zinazozungumza.

MHINA: Na kwa mchomeleaji daftari hilo haliishi siku ya kutoka. Hapa Tanga kila mtu masikio yake yako Chongoleani, kwa sababu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia pale. Sasa kazi za bomba hazikupokei kwa cheti cha chuo peke yake. Unapimwa kwa maandishi yao ya utaratibu wa kuchomelea: kijiti hiki, ampea kuanzia hapa hadi hapa, mkao huu. Kwa mabomba ya masafa marefu kiwango kinachotumika sana ni API 1104, kwa mabomba ya presha viwandani ni ASME sehemu ya tisa. Na hiyo ya ASME ina kipengele kinachowaumiza watu: ukipita miezi sita bila kutumia njia ile ya kuchomelea, sifa yako imekwisha, unapimwa tena. Daftari ndilo linaloonyesha hukukaa bure.

ZAINA: Mtihani wenyewe ukoje? Maana askari wengi wamezoea sahani ya chuma iliyolala mezani.

MHINA: Wenye jina kubwa unaitwa 6G. Bomba limefungwa kwa mlalo wa nyuzi 45, haligeuki, unalizunguka wewe. Ndani ya mshono mmoja unapita chini, wima, na juu ya kichwa. Wengi wanaanguka kwenye mshono wa kwanza wa ndani, ule wa mzizi. Pengo kati ya vipande likiwa dogo moto haupenyi, likiwa kubwa chuma kinadondokea ndani. Mtu anaunga vipande vyake haraka haraka ili awahi kuanza, kumbe ameshafeli kabla ya kuwasha mashine. Nusu saa ya kusafisha kingo na kulinganisha pengo pande zote ni sehemu ya mtihani.

ZAINA: Na vijiti?

MHINA: Hapo kwetu pwani ndipo penye balaa. Jeshini bwana stoo anakupa kijiti kikavu, hujui kilitunzwa wapi. Uraiani stoo ni wewe. Kuna familia tatu, kila moja na tabia yake. E6013, kile cha mageti, kinavumilia. Kikipata unyevu kidogo unakipasha kwenye nyuzi mia na kitu za Selsiasi. E7018 hakivumilii. Pakiti ikifunguliwa ikakaa wazi kwenye hewa hii ya bahari, dawa ya juu inanyonya maji, maji yanatoa haidrojeni ndani ya chuma, na mshono unapasuka baadaye, pengine kesho yake wakati umeshalipwa. Hicho kinakaushwa kwenye tanuri, kwa kawaida nyuzi 300 hadi 350, saa moja au mbili, kisha unakitoa vichache vichache. Cha tatu ni E6010 cha selulosi, cha mzizi wa bomba. Hicho usikioke kabisa! Unyevu wake ni sehemu ya kazi yake. Mtu mwenye bidii anavitia vyote tanuri moja, anaharibu vile vya bei.

ZAINA: Bidii bila maelekezo. Haya, tuje kwenye jambo ambalo mimi naona ndilo zito kuliko kuchomelea kwenyewe: bei. Jeshini hakuna anayekuuliza geti ni shilingi ngapi. Uraiani mteja anauliza kabla hujamaliza kumsalimia.

MHINA: Naye askari anataja tarakimu ya kichwani.

ZAINA: Anataja, kisha anailipia mwenyewe. Tuchukue geti la milango miwili, kila mlango upana mita 1.5, urefu mita 2.1. Fremu ni bomba la mraba la milimita 40 kwa 40. Kila mlango una nguzo mbili na viunga vitatu vya kulala: juu, kati, chini. Piga hesabu ya haraka: nguzo nne za 2.1, viunga sita vya 1.5, jumla mita 17.4. Bomba dukani ni mita 6, kwa hiyo tatu zinatosha, si ndiyo?

MHINA: Kwenye karatasi.

ZAINA: Kwenye karatasi. Bomba la kwanza: nguzo mbili na kiunga kimoja, mita 5.7. La pili hivyo hivyo. La tatu: viunga vinne vya 1.5, mita 6 kamili. Unaanza kukata. Kila mkato diski inakula milimita mbili tatu. Mikato mitatu, kiunga cha mwisho kimepungukiwa karibu sentimita moja. Anarudi dukani kununua bomba zima kwa sababu ya sentimita moja.

MHINA: Na hakutakiwa kukata 1.5 hata kidogo.

ZAINA: Ndiyo hapo. Viunga vinaingia kati ya nguzo, na kila nguzo ina upana wa milimita 40. Kwa hiyo kiunga ni mita 1.42. Vinne ni 5.68, diski ile itakavyo, kinabaki kipande. Hiyo ndiyo kusoma mchoro, wala si mambo ya darasani.

MHINA: Sahani je?

ZAINA: Sahani ya futi 4 kwa 8 ni mita 1.22 kwa 2.44. Mlango wako ni 1.5 upana. Ukiisimamisha sahani inabaki sentimita 28 wazi kila mlango, na kuziba hizo unanunua sahani ya tatu. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei muulize mteja: unataka lizibwe lote, au chini tu na juu nondo? Ukiziba chini kwa kimo cha 1.22, sahani mbili zinatosha. Na kama anaingiza gari dogo tu, geti la upana wa mita 2.4 linamfaa na sahani zinakaa bila kupoteza. Akiwa na lori, hapana, libaki la mita tatu.

MHINA: Kisha aongeze vinavyosahaulika: vijiti, diski za kukatia na za kusagia, bawaba, komeo, praima, rangi, umeme, guta la kusafirishia. Na siku za mikono yake. Wengi wanazihesabu siku za kijana msaidizi, za kwao wenyewe hawahesabu.

ZAINA: Kwenye kuunga, nini kinaharibika?

MHINA: Linapinda. Bomba la unene wa milimita 1.5 anatia kijiti cha milimita 3.2 kwa sababu ndicho alichozoea kwenye chuma kinene, anatoboa. Tumia cha 2.5, ampea 55 hadi 65, vipande vifupi, upande huu kisha upande wa pili. Kabla ya kuziba kabisa pima kona kwa kona. Mlango wa 1.5 kwa 2.1 lazima usome karibu mita 2.58 kotekote. Zikitofautiana, gonga sasa. Ukishamaliza mishono hakuna nyundo itakayokusikia. Na kama nyumba iko Raskazone karibu na maji, toa ganda lote na matone yote kabla ya praima. Chumvi inaingilia hapo hapo, kutu inatoka chini ya rangi.

ZAINA: Makanika tuwaguse. Karakana ya jeshi mara nyingi inabadilisha kifaa kizima, gari lirudi barabarani. Mwenye lori la mkonge anataka ujue kwanza nini kimeharibika, ndipo anunue kidogo iwezekanavyo. Kwa hiyo jifunze tena kusoma moshi wa dizeli. Mweusi, mafuta yanazidi hewa: chujio la hewa limeziba au nozeli inamwaga. Wa bluu, injini inakula oili. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, mafuta hayaungui au maji yanaingia ndani. Pima kompresheni kabla ya kushusha kichwa cha injini, na gharama ya kufungua ikubaliwe kabla ya spana ya kwanza.

MHINA: Umeme kwa kifupi: cheti ni kitu kimoja, leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ni kingine, na leseni ina madaraja. Bila hiyo usifunge nyumba ya mtu. Aliyezoea jenereta za kambi aangalie sana ardhi, yaani eathi. Mchanga wa pwani juu ni mkavu, fimbo fupi haishiki. Ipeleke chini mpaka kwenye unyevu, kisha ipime kwa mita, usikisie. Na kila saketi ipimwe kinga ya nyaya kwa volti 500 kabla ya kuwashwa, isishuke chini ya megaohmu moja.

ZAINA: La mwisho, pesa. Kiinua mgongo kimeingia, anataka kununua karakana nzima siku moja.

MHINA: Anunue kwa kazi iliyopo mkononi. Kwa mageti: mashine ya inveta ya ampea 160 au 200, grainda moja ya inchi nne na nusu, kilempu cha kubania, gonyo la kupimia kona, kofia nzuri. Asome kibandiko cha mashine. Kikisema asilimia 60 kwa ampea 200, maana yake dakika sita za moto, nne za kupumzika. Jenereta asubiri. Akilazimika, kwa kazi za ampea 90 ya kVA 5 inamtosha. Kuendesha mashine hadi ampea 160 anahitaji ya 7 au 8.

ZAINA: Na waya wa kuunganishia? Watu wananunua ule mwembamba wa taa.

MHINA: Wa milimita 1.5 za mraba, mita thelathini, umeviringishwa kwenye gurudumu lake. Umeme unashuka, arki inakatika, mtu analaumu kijiti. Halafu ule mviringo unapata moto wenyewe kwa wenyewe mpaka plastiki inayeyuka. Nunua wa 2.5, ukienda mbali wa 4. Na ufungue wote kutoka kwenye gurudumu.

ZAINA: Hata kazi ikiwa mita tatu tu?

MHINA: Hata ikiwa mita tatu. Utandaze uani.

ZAINA: Grainda ya jirani imenyamaza, nadhani amekwenda kununua bomba la nne. Kipindi kijacho ni injini za boti, tutakuwa Deep Sea, hapa hapa Tanga. Kwaherini.