Tangi Halisahau

Mazungumzo haya yalitolewa Des Moines, Iowa, Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mbele ya vijana wapenda magari wanaozungumza Kiswahili. Yameandikwa kama yalivyosemwa.

Hamjambo. Waliosimama nyuma wasogee mbele, viti vipo.

Kabla sijaanza nataka kijana mmoja anisaidie. Wewe mwenye kofia, njoo. Shika kijichupa hiki chembamba chenye mistari. Tia maji mpaka mstari wa chini. Hapo hapo. Sasa tia mafuta mpaka mstari wa juu, polepole, usinimwagie mezani. Haya nimeyachota leo asubuhi kwenye pampu yenye mpira wa njano iliyoandikwa E85, yaani petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi, ile spiriti ya mahindi. Funga, tikisa kwa nguvu, kisha kisimamishe wima na ukiache. Tutakirudia. Kila mmoja akisie moyoni mwake: ndani mna ethanoli asilimia ngapi?

Wengi wenu mna magari ya turbo, ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, na swali lenu ni lile lile ninaloulizwa kila wiki gerejini: Jumamosi natia ethanoli niende uwanja wa mbio, Jumatatu natia petroli niende kazini, je, nahama vipi? Kwa Iowa hilo si swali la ajabu. Tumezungukwa na mahindi. Hakuna jimbo la Marekani linalotengeneza ethanoli nyingi kuliko hili, na zaidi ya theluthi ya mahindi ya nchi hii huishia kuwa spiriti. Mama yangu alipokuja kutoka Mombasa kunitembelea nilimwambia gari langu linakula mahindi. Akaniuliza, "Na wewe mwanangu, wala nini?" (Kicheko.)

Wala si jambo geni kwetu. Wakenya wa umri wangu wanakumbuka miaka ya 1980, petroli ilipochanganywa na spiriti ya miwa kutoka Muhoroni. Ila ile ilikuwa ya kupunguza gharama ya mafuta ya nje. Hii ya kwenu ni ya mbio.

Kwa nini mbio? Mnaujua mtungi wa maji. Mtungi wa udongo hutoa jasho, jasho likikauka, maji ya ndani yanapoa. Ethanoli hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya injini. Ikigeuka mvuke hunyonya joto zaidi ya maradufu ya lile linalonyonywa na petroli, kilo kwa kilo. Hewa inaingia kwenye silinda ikiwa imepoa. Juu ya hapo, ethanoli ni ngumu kulipuka yenyewe inapobanwa. Kwa hiyo unaweza kuongeza shinikizo la turbo na kusogeza taimingi mbele, cheche itangulie, na injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo kabla ya wakati wake. Nguvu inatoka hapo. Ethanoli yenyewe haina nguvu kuliko petroli. Lita kwa lita, ina theluthi mbili tu ya nishati ya petroli. Wengi hawaamini hili mpaka niwaonyeshe risiti za mafuta.

Viwanda vinavyotengeneza magari makali vinalijua. Koenigsegg Jesko hutoa nguvu farasi 1280 kwa petroli ya kawaida na 1600 kwa E85, injini ile ile. Dodge walipotoa Demon 170 mwaka 2023 walisema farasi 1025 kwa E85, na karibu 900 ukitia petroli ya kawaida ya pampu yenye ethanoli asilimia 10. Dereva wa gari hilo habonyezi swichi yoyote. Gari lenyewe linaonja mafuta, linajua limelishwa nini, linajipangia. Huko kuonja ndiko nilikokuja kuzungumzia, kwa sababu magari yenu mengi hayaonji. Yanaambiwa tu.

Sasa sikilizeni hesabu. Petroli tupu inataka hewa kilo 14.7 kwa kilo moja ya mafuta ili iungue sawasawa. Ethanoli tupu inataka hewa kilo 9. E85 iko karibu na 9.8. Kwa hewa ile ile, basi, E85 inataka mafuta mengi zaidi, zaidi ya thuluthi moja. Ndiyo maana tunabadilisha injekta zinazonyunyizia mafuta, pampu ya mafuta na mipira. Sitakaa sana hapo, vifaa vinauzwa na maelezo yake yamo ndani ya boksi. Muulize tu muuzaji kama pampu na mipira vinahimili ethanoli, maana mpira wa kawaida hukakamaa na kupasuka. Na kama gari ni la zamani, nunua filta mbili kabisa. Ethanoli itakwangua uchafu wa miaka yote tangini na kuupeleka kwenye filta ya kwanza.

Nataka tukae kwenye tangi lenyewe.

Mtu ana kompyuta ya gari yenye ramani mbili, yaani maagizo ya mafuta, taimingi na shinikizo la turbo, moja ya petroli na moja ya E85, na swichi kwenye dashibodi. Anadhani kuhama ni kubonyeza. Swichi inabadilisha ramani, haibadilishi kilichomo tangini. Na tangi halisahau. Chukua tangi la lita 60. Umekuwa ukitumia E85 ambayo kweli ni asilimia 80. Taa ya mafuta imewaka, zimebaki lita 8. Unajaza lita 52 za petroli ya hapa, ambayo nyingi yake ina ethanoli asilimia 10. Piga hesabu: lita 6.4 za zamani, lita 5.2 za mpya, jumla 11.6 ndani ya 60. Una asilimia 19. Hiyo si petroli uliyoipangia ramani, ni karibu mara mbili ya ethanoli yake. Hapo gari litavumilia, sensa ya oksijeni inayopima moshi itaiambia kompyuta irekebishe. Lakini umeona hata tangi lililokaribia kukauka linavyokumbuka?

Sasa niwaambie aibu yangu. Nilikuwa na Subaru ya turbo, majira ya baridi yote nimeliendesha kwa petroli. Machi kama huu, jua limetoka, vijana wananingoja. Tangi lilikuwa nusu, petroli lita 30. Nikajaza E85 lita 30, nikabonyeza swichi kwenye ramani ya E85, nikajiambia nusu kwa nusu si mbaya. Pampu ile ilikuwa bado ina mafuta ya majira ya baridi, yaliyopunguzwa ethanoli, kama asilimia 60. Ethanoli lita 3 za zamani na lita 18 za mpya ni 21. Gawanya kwa 60. Nilikuwa na asilimia 35, ndani ya ramani iliyoandikwa kwa 80.

Na gari lilikwenda vizuri! Huo ndio mtego. Ningetia petroli tupu kwenye ramani ile, injini ingefurika, ingetoa moshi mweusi, ningejua nimekosea kabla sijatoka kituoni. Kwa asilimia 35 kompyuta ilipunguza mafuta ikakaribia kikomo chake, ikafaulu kuyasawazisha, injini ikatulia kama inanong'ona. Lakini mafuta yakisawazishwa, taimingi na shinikizo la turbo hubaki vile vile, vya ethanoli ambayo haimo. Nikaingia barabara kuu, nikakanyaga gia ya tatu mpaka mwisho. Nikasikia kama mtu anamwaga changarawe ndani ya debe. Sekunde mbili, labda tatu. Pistoni ya nne ilipasuka ukingo unaoshika ringi. Injini nzima ikashuka chini, kwa mikono hii, kwa pesa zangu.

(Swali kutoka kwa kijana wa Burundi: "Mzee, sensa ya kugonga haikukuokoa?")

Ilijaribu, mwanangu. Ile husikia injini ikishagonga, ndipo inarudisha taimingi nyuma. Shinikizo likiwa kubwa hivyo, inafika msibani, haifiki kwa mgonjwa.

Dawa yake ipo, ni sensa ya ethanoli. Unaiweka kwenye njia ya mafuta. Kazi yake ni kupima jinsi mafuta yanavyohifadhi chaji ya umeme. Ethanoli na petroli zinatofautiana sana hapo, kiasi cha mara kumi na zaidi. Ile inayotumika sana hutoa mapigo: 50 kwa sekunde ni petroli bila ethanoli, 150 ni ethanoli tupu. Ukiona 85, toa 50, una asilimia 35. Ningekuwa nayo siku ile ningeisoma kwa macho yangu. Ukiiunganisha na kompyuta inayoweza kuchanganya ramani mbili, ndipo gari linaonja kama yale ya kiwandani, na unaweza kutia chochote kwa kiasi chochote.

Hata hivyo, msijaze tu na kuzima. Mafuta ya zamani bado yamo kwenye mipira na kwenye reli ya injekta, na kompyuta haijayaonja mapya. Mtu anajaza E85 kituo kilicho jirani na nyumba yake usiku wa theluji, anaegesha, asubuhi injini inawashwa kwa mafuta mapya na akili ya zamani. Haiwaki. Na ethanoli kwa asili yake haitaki baridi, haitoi mvuke wa kutosha. Ukibadilisha mafuta, endesha taratibu maili tano hadi saba kwanza.

Jambo jingine linaloniudhi ni geji. Geji nyingi za mchanganyiko wa hewa na mafuta zinaandika 14.7 hata unapochoma E85, kwa sababu zinapima oksijeni iliyobaki kisha zinageuza kwa kipimo cha petroli. Mtu anaona 14.7 badala ya 9.8, anashtuka, anaongeza mafuta bure. Someni lamda, yaani hewa iliyopo ikigawanywa kwa hewa ambayo mafuta hayo yanaihitaji. Lamda 1 ni 1, iwe mahindi au petroli.

Kuhusu maji, nimesikia mengi. Ni kweli ethanoli hunywa unyevu. Lakini E85 inaweza kushika maji mengi bila kutengana. Petroli yenye asilimia 10 ndiyo inayotengana haraka, hata kwa nusu asilimia ya maji, na maji pamoja na spiriti vinashuka chini ambako pampu inanyonya. Kwa hiyo anayelaza gari miezi minne atafute petroli isiyo na ethanoli, vituo vingine vinayo, na alijaze tangi hadi juu. Na oili mbadilishe mapema kuliko mlivyozoea, hasa mkienda safari fupi fupi. Ethanoli inashuka humo, oili isipopata joto la kuikausha inageuka rangi ya maziwa.

Haya, muda umekwisha na chai inapoa. Turudi kwenye kijichupa. Maji yameivuta ethanoli yote chini, petroli imebaki juu, mnauona mpaka? Sheria ya viwango inaruhusu E85 iwe na ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83, na hushushwa baridi ili magari yawake. Nani amekisia 85? Inueni mikono bila aibu. Sasa wewe mwenye kofia, inama, macho yawe sawa na mstari. Soma kwa sauti.

("Sitini na moja.")

Sitini na moja. Na Jumamosi iliyopita, kituo kile kile, pampu ile ile, nilisoma sitini na nane.