Maji ya kunywa kipindi cha mgao, ninavyofanya hapa nyumbani

Habari zenu jamani, karibuni tena jikoni kwangu. Hapa Dar leo siku ya nne bomba linatoa upepo tu, na meseji zinazoingia kwangu ni za maji maji maji, kwahiyo leo mapishi tuweke pembeni, nataka niwaonyeshe maji ya kunywa.

Tuliokuwepo hapa Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua tukaingia kwenye mgao tunakumbuka, unanunua ya boza, ya kisima, ya mkokoteni, bora yawe maji tu. Na kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia hapahapa Kinondoni afu kikaenda mikoa kibao, kwahiyo msinichoke nikirudiarudia.

Haya, tunaanza na dumu, sio jiko. Angalieni hili, kwa nje linang'aa, sasa napitisha kidole hapa ndani ya mdomo wake... unasikia utelezi, ule utelezi ndo uchafu wenyewe. Tia mchanga msafi kidogo au vikokoto, sabuni, maji kikombe kimoja, funga, tikisa kwa nguvu kila upande, mwaga, suuza mpaka kidole kikipita hakitelezi. Na dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shamba usiweke maji ya kunywa hata uoshe mara kumi.

Maji yenyewe yakija na tope yaache yatulie, usiyatingishe, afu chuja. Mimi natumia kanga ya zamani, imefuliwa na kuanikwa juani, naikunja mara nne hivi, naifunga juu ya ndoo. Ila tuelewane, kanga inatoa takataka tu, vijidudu vingi vinapita, usije ukachuja ukanywa.

Sasa kuchemsha. Watu wengi wanazima mapema jamani. Hivi vipovu vidogo vya pembeni bado, subiri yatokote kabisa, mapovu makubwa yanapanda mfululizo sufuria nzima, mnaona sasa hivi? Hapo ndo hesabu dakika moja, na kama unaishi juu milimani kupita mita 2000 hesabu tatu. Zima, funika, yapoe humohumo na mfuniko wake, usiongeze ya baridi ili yapoe haraka maana hapo umerudi mwanzo.

Mkaa umeisha? Kidonge cha WaterGuard, kimoja kwa ndoo ya lita 20 ya maji angavu, yakiwa na ukungu viwili, soma na paketi yako, koroga, funika, nusu saa ndo unakunywa. Ile harufu ya dawa kidogo ndo dalili imefanya kazi, yaache mpaka asubuhi kwenye jagi safi lililofunikwa, itapungua. Na hata hela ya kidonge kama haipo, chupa za plastiki angavu zisizozidi lita 2, maji yawe masafi ya kuona upande wa pili, zilaze juu ya bati juani masaa 6, kukiwa na mawingu mengi ziache siku mbili.

Ila maji yakinuka petroli au dawa, usihangaike kuchemsha, moto hautoi hivyo vitu, mwaga. Chumvi ya kisima nayo haitoki kwa kuchemsha.

Sasa njooni karibu na hii ndoo, hapa ndo nilipoumia mimi. Mwaka ule wa 2022 mwanangu wa mwisho aliharisha siku tatu, na maji nilikuwa nachemsha kila siku, nikawa najiuliza uchafu unaingilia wapi. Jioni moja namkuta kaka yake katoka kucheza mpira, ana kiu, kazamisha kikombe kwenye ndoo na mkono wote umeingia mpaka kwenye kifundo, vidole vyeusi. Kumbe nachemsha jikoni afu tunayachafua wenyewe sebuleni! Tangu siku ile hakuna anayechota. Ndoo ina mfuniko na koki, imekaa juu ya stuli watoto wanafungua wenyewe, na kama huna ya koki weka kwenye dumu la mdomo mwembamba, unamimina, huzamishi kitu. Na mlangoni kwa choo nimeweka kibuyu chirizi, kidumu kidogo, kamba, kijiti cha kukanyaga na sabuni imening'inia, maji kidogo sana yanaosha mikono ya nyumba nzima.

Maji hayohayo salama ndo ya barafu, juisi, kupiga mswaki na kuoshea nyanya za kachumbari, hapo ndo wengi tunasahau. Kichanga chini ya miezi sita yeye ziwa la mama tu, asipewe maji.

Mtu akianza kuharisha kama maji ya mchele msisubiri asubuhi, hospitali, na njiani mpeni ORS, ile paketi ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini. Ikikosekana, lita moja ya maji salama, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai, anywe kidogokidogo hata kama anatapika.

La mwisho, siku bomba likirudi. Bomba likiwa tupu linavuta majitaka ya nje kupitia nyufa zake, kwahiyo yale ya kwanza yakitoka kahawia na kukohoakohoa usikimbilie na ndoo ya kunywa. Yakinge kwenye beseni, ya kudekia na chooni, mpaka yawe meupe, na hata yakiwa meupe mimi bado nachemsha siku kadhaa mbele. Madumu yote nayaosha upya, na kidole napitisha tena, hivi.