Tunapoondoa Kelele, Tunaondoa na Nini?

Ndugu zangu, kabla sijaanza naomba tunyamaze sekunde tano.

Asanteni. Mmeisikia feni? Na kiti kilicholia kule nyuma? Masikio yenu yalikuwa yameshaipuuza feni. Maikrofoni haina adabu hiyo, inabeba kila kitu.

Sasa, kimya hicho ndicho mtaji wetu wa kuondoa kelele kwenye rekodi. Kompyuta huikata rekodi vipande vifupi, tuseme milisekunde 20. Ukirekodi sampuli, yaani vipimo vya sauti, 16,000 kwa sekunde, kila kipande kinakuwa na sampuli 320. Kisha hukipangua kwa hesabu za Fourier, tuone kila masafa, yaani kila kiwango cha wembamba au uzito wa sauti, yamebeba nguvu kiasi gani. Kipande cha kimya kinatupa sura ya feni peke yake. Tunaitoa sura hiyo kwenye vipande vyenye maneno. Kutoa tu, kule kule kwa darasa la kwanza! Mtafiti Steven Boll aliieleza njia hii mwaka 1979.

Tatizo ni kwamba feni haivumi sawasawa, na tulichonacho ni wastani. Pale kelele ilipopungua, jibu huwa hasi, tunaandika sifuri. Pale ilipozidi, chembe inasalia. Chembe hizo huzuka na kupotea ovyo, leo masafa haya, kesho yale, na sikio huzisikia kama vifilimbi vinavyolia ndani ya maji. Zinaitwa kelele za muziki. Mimi, heri feni yenyewe! Ndiyo maana hatufuti mpaka sifuri. Tunaacha mvumo kidogo chini uzifunike.

Mvumo wa umeme, ule wa hezi 50 au 60, haunisumbui: unajulikana ulipo, unachuja hapo na kwenye vizidisho vyake, kama 100 au 120, basi.

Kinachonisumbua ni neno kama “fisi”. Irabu zina nguvu, lakini f na s ni pumzi tu, zimefanana na kelele zenyewe. Niliwahi kukaza kichujio kwenye mahojiano, nikafurahia utulivu wake, mpaka mwenzangu akaniuliza mbona mgeni amekuwa kibogoyo.

Ndiyo, mama, uliza. Kelele zikiwa ni watu wengine wanaoongea? Hapo kutoa hakusaidii, maana sura uliyoichukua imeshabadilika kabla hujaitumia. Sogeza maikrofoni mdomoni. Umbali ukipungua nusu, sauti ya msemaji hupanda desibeli 6 hivi, na wale wengine wanabaki pale pale walipokuwa.